Namna ya kuvitengeneza nyumbani viti vya ngozi vya gari vilivyochakaa

MNUNUZI wa gari lililotumika huufungua mlango wa dereva kabla ya kufungua boneti, na kitu cha kwanza anachokiona ni kiti. Kikiwa kimepauka na kupasuka, bei huanza kushuka papo hapo hata kama injini ni nzima. Kwa dereva wa teksi anayewapokea wageni katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, kiti kilichochanika humpunguzia heshima kabla gari halijaondoka.

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea Unguja yaliagizwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo kiti kilichoanza kuchoka ugenini huja kumaliziwa na jua, chumvi na unyevu wa kisiwani. Wenye magari wengi huona kuwa dawa ni mbili tu, ama kuvifunika viti kwa kava au kuvishona upya kwa gharama kubwa.

Hata hivyo, viti vingi vya aina hiyo vinaweza kutengenezwa nyumbani kwa siku mbili au tatu, kwa vifaa vichache. Linalohitajika ni kufahamu kwanza kitu gani hasa kimeharibika, kwani makosa mengi hutokana na kudhani kuwa ngozi iliyopauka ina kiu ya mafuta.

Rangi ndiyo inayochakaa kwanza

Ngozi mbichi huoza. Ili idumu ni lazima idabaghiwe, na kazi hiyo si ngeni katika mwambao huu. Wakati wa ukoloni magome ya mikoko kutoka visiwani na delta ya Rufiji yalisafirishwa nje kwa ajili ya viwanda vya ngozi, kutokana na dawa ya asili iliyomo ndani yake. Mwaka 1884 Augustus Schultz wa Marekani alipata hataza ya njia ya kudabaghi kwa chumvi za kromi, na njia zilizotokana na hiyo zikaenea viwandani, zikiwamo za ngozi za magari.

Baada ya kudabaghiwa, ngozi ya gari hupakwa rangi na kisha mpako mwembamba wa plastiki unaoikinga na maji, jasho na msuguano. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kiti cha gari na makubadhi. Makubadhi ni ngozi tupu, na mafuta huingia ndani yake kwa urahisi. Mtu akaliaye kiti cha gari hagusi ngozi, bali anagusa mpako.

Kwa sababu hiyo, mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia na dawa ya viatu havitibu kiti kilichopauka. Hubaki juu, hung'arisha kwa siku chache, kisha hukusanya vumbi na kuchafua kanzu na mabuibui ya abiria. Ubaya zaidi ni kwamba mafuta yakishaingia katika nyufa, rangi mpya hukataa kushika.

Jua, chumvi na unyevu

Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani huweza kufikia nyuzi joto 50 au zaidi ndani yake. Joto hilo huukausha mpako ukapoteza ulaini, na kila mtu anapokaa nyufa ndogo hufunguka. Ukingo wa kiti cha dereva ulio upande wa mlango ndio huharibika mapema, kwa kuwa dereva huusugua kila anapopanda na kushuka.

Mji Mkongwe una tatizo lake. Vichochoro vyake vingi havipitiki kwa gari, hivyo wakaazi huegesha pembezoni, wengine kando ya bahari kama vile Mizingani, ambako upepo huleta vumbi la chumvi. Chumvi huvuta unyevu hewani, na ikikaa katika mishono huidhoofisha nyuzi. Hali kadhalika, abiria wanaorudi kutoka fukwe za Nungwi, Paje au Jambiani huingia na nguo mbichi, mchanga na mafuta ya kujikinga na jua. Mchanga ukinaswa kati ya nguo na kiti hufanya kazi ya msasa.

Uchunguzi kabla ya kazi

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kuwa kiti ni cha ngozi kweli. Magari mengi yana ngozi bandia, na mengine yana ngozi halisi sehemu ya kukalia tu, huku ubavuni na mgongoni ikiwa bandia. Mwenye gari atazame upande wa ndani wa kitambaa chini ya kiti au mahali palipochanika. Ngozi halisi ina manyoyamanyoya kama ya kitambaa cha mahameli, ilhali ngozi bandia ina nguo iliyofumwa nyuma yake. Ngozi bandia iliyoanza kubambuka kwa magamba haitengenezeki kwa njia zinazoelezwa hapa, na dawa yake ni kubadilishwa.

Jaribio la pili ni la tone la maji. Likisimama juu bila kuzama, mpako bado upo. Likinywewa upesi na kuacha alama nyeusi, mpako umekwisha au ngozi hiyo haikuwa na mpako tangu mwanzo. Ngozi isiyo na mpako ni adimu katika magari ya kawaida, na ni vyema apewe fundi mzoefu.

Usafi ndio msingi

Mara nyingi kiti kinachodhaniwa kuwa kimepoteza rangi huwa ni kichafu tu. Kazi ianze kwa kufyonza vumbi, hasa katika mishono. Kisha itumike sabuni maalumu ya ngozi au sabuni ya maji iliyo laini, matone machache katika bakuli la maji ya vuguvugu. Brashi yenye nywele laini isugue polepole kwa mzunguko, na povu lifutwe kwa kitambaa kibichi kabla halijakauka. Kiti kisilowanishwe chepechepe, kwani maji yakifika kwenye sponji huchukua siku nyingi kukauka.

Sabuni ya unga ya kufulia na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe zisitumike kabisa. Ngozi iliyodabaghiwa ina asili ya tindikali kidogo, na vitu hivyo vina asili ya magadi. Hupunguza nguvu ya udabaghi na kuiacha ngozi kavu.

Baada ya hapo kiti kiachwe kivulini, milango ikiwa wazi, hadi kikauke vizuri. Kukianika juani ili kuharakisha kazi ni kukiongezea nyufa.

Nyufa na michaniko

Mahali patakapopakwa rangi pafutwe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo ili kuondoa mafuta yaliyobaki. Spiriti huweza kutoa rangi, hivyo ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, na isisuguliwe penye rangi nzima. Kisha nyufa zipigwe msasa laini, namba 600 kwa kuanzia na namba 1000 kwa kumalizia, kwa mkono mwepesi. Lengo ni kulainisha kingo zilizonyanyuka. Vumbi lake lifutwe lote.

Nyufa ndogo hujazwa kwa puti ya ngozi, ambayo hubaki laini na kupindika baada ya kukauka. Puti ya bati itumiwayo na mafundi wa bodi haifai, kwa kuwa huwa ngumu na huvunjika mara mtu anapokaa. Puti ipakwe nyembamba kwa kadi ya plastiki isiyotumika, iachwe ikauke, ipigwe msasa, kisha ipakwe tena. Tabaka tatu au nne nyembamba hudumu kuliko moja nene.

Mchaniko uliopita upande wa pili huhitaji kiraka cha ndani. Kipande cha kitambaa kigumu, mfano wa turubai au jinzi, hukatwa kikubwa kidogo kuliko tundu, pembe zake zikiwa za mviringo, na kuingizwa chini ya ngozi kwa koleo ndogo. Gundi inayopindika hupakwa kati ya kiraka na ngozi, kingo hukutanishwa na kukandamizwa kwa kitu kizito hadi ishike. Gundi zile zinazokauka kwa sekunde chache huwa ngumu kama kioo na huzaa ufa mpya pembeni. Mshono uliofumuka hautengenezwi kwa gundi wala puti, bali hushonwa.

Rangi na vanishi

Rangi inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi na inayochanganyika na maji. Rangi ya nguo, ya ukuta au ya dawa ya viatu haitadumu. Kuoanisha rangi ndiyo sehemu inayohitaji subira, kwa sababu rangi mbichi hubadilika ikikauka. Ipakwe kidogo chini ya kiti, ikauke, kisha ilinganishwe mchana kwenye mwanga wa nje. Kwa viti vya kijivu na vya rangi ya krimu, tone moja la ziada la nyeusi au njano hutosha kuharibu ulinganifu.

Rangi hupakwa kwa sifongo, tabaka nyembamba sana, na kila tabaka huachwa ikauke kabla ya inayofuata. Viti vyenye matundu madogo ya kupitisha hewa vipakwe kwa sifongo iliyokamuliwa vizuri, matundu yasizibe. Tabaka za mwisho ni za vanishi ya ngozi, ambayo ndiyo hubeba msuguano wote. Ikichaguliwa isiyong'aa, kiti hufanana zaidi na kilivyotoka kiwandani.

Majira nayo yana uzito. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hewa hujaa maji na rangi hukawia kukauka. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba, kina hali inayofaa zaidi. Kiti kisikaliwe kwa muda wa saa 24 angalau, na kisioshwe kwa wiki moja au mbili.

Ukungu

Gari lililofungwa kwa wiki kadhaa, mwenyewe akiwa safarini, aghalabu hukutwa limeota ukungu. Kuufuta ndani ya gari ni kuusambaza. Milango ifunguliwe, mwenye kazi azibe pua na mdomo, na ukungu ufutwe kwa kitambaa chenye spiriti na maji kwa kiasi sawa, baada ya kujaribu mahali pa siri. Zulia la chini litolewe na kukaushwa, kwani unyevu uliojificha hapo huurudisha ukungu. Kufukiza udi hupendezesha harufu, lakini hakuondoi chanzo.

Yasiyoguswa nyumbani

Kuna kazi moja isiyostahili kujaribiwa na asiye fundi, nayo ni kufungua kiti chenye mfuko wa hewa wa usalama. Magari mengi yana mifuko hiyo ubavuni mwa viti vya mbele, na hutambulikana kwa kitambulisho kidogo chenye neno AIRBAG au herufi SRS kwenye mshono. Nyaya zake chini ya kiti kwa kawaida huwa na plagi ya njano. Mfuko ukifyatuka kwa bahati mbaya huweza kumjeruhi vibaya aliye karibu.

Aidha, ubavu huo usizibwe kwa gundi, kiraka wala uzi wa kawaida, na usifunikwe kwa kava isiyotengenezwa kwa viti vya namna hiyo. Mshono ule umekusudiwa kupasuka wakati wa ajali. Ukizuiwa, kiti kitapendeza macho lakini mfuko hautatoka kumkinga aliyekalia. Fundi wa viti anayekabidhiwa kazi hiyo aulizwe mapema jinsi atakavyoshughulikia mfuko na kama atafungua betri kabla ya kugusa nyaya.

Kuvitunza baada ya matengenezo

Kiti kilichotengenezwa hakina tofauti na kipya: kikiachwa, huharibika upya. Vumbi lifutwe kila wiki kwa kitambaa kikavu, na usafi wa sabuni ufanyike kila baada ya miezi mitatu, au kila mwezi kwa teksi. Gari liegeshwe kivulini, na pasipo kivuli kioo cha mbele kikingwe kwa pazia la jua. Kanga mbili zilizotandikwa juu ya viti huokoa mengi siku ya kurudi pwani. Hina na piko ambavyo havijakauka mikononi huacha madoa yasiyotoka kirahisi, hivyo gari la harusi litandikwe mapema.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa mdogo katika ukingo wa kiti humalizwa kwa puti kidogo na alasiri moja ya kazi. Ukiachwa hadi sponji ionekane, kiti kizima hupelekwa kwa fundi, na gharama yake huwa mara nyingi zaidi ya ile iliyokwepwa.