Hospitali peke yake haitoshi: habari ya Kasongo na zoni za afya

Padri mumoja aliniuliza: « Kazi yetu ni roho za watu. Kwa nini tujitie katika mambo ya dispansari na zoni za afya? » Nataka kumujibu kwa njia ya historia.

Tuanze kwenye ziwa Tanganyika. Kardinali Lavigerie alipeleka Malta vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wajifunze uganga, kusudi wawe wanganga na walimu wa dini pamoja. Mumoja wao, Adrian Atiman, alifika Karema, ngambo ya mashariki ya ziwa, mwaka 1889. Akauguza watu wa pale hata kufa kwake mwaka 1956. Ni sifa kubwa. Lakini tuangalie vizuri: dawa ilikuwa pale alipokuwa yeye. Mahali asipoweza kufika, watu walikufa kama zamani.

Leta nayo ilishika njia yake. Ugonjwa wa malali ulikuwa ukimaliza vijiji. Mwaka 1903 wanganga Dutton na Todd, wa shule ya Liverpool, walikuja Kongo kuuchungua. Dutton alifia Kasongo, katika Maniema, mwezi wa pili 1905, mwenye miaka 30 tu. Aliuawa na homa ya kimputu, homa ile ile aliyokuwa akiichungua. Kiisha Leta ikajenga lazareti za kutenga wagonjwa. Watu wakakimbilia porini, kwani walimuona askari mbele ya kumuona munganga. Baadaye vikundi vya mainfirmie vilipita kijiji kwa kijiji, wakipapasa shingo za watu na kupima damu. Kazi hiyo ilizaa matunda. Lakini kila mutu alilima shamba lake: vikundi vya malali mbali, misioni mbali, makampani ya migodi mbali. Mwaka 1930 FOREAMI, mufuko wa Malkia Elisabeth, iliundwa kusudi ikusanye nguvu zote katika jimbo moja, ikianzia Kongo ya Chini. Wazo lilikuwa jema, lakini wenye kuliongoza walikuwa wageni. Mwaka 1960, uhuru ulipofika, Lovanium ilikuwa haijatoa bado munganga Mukongo hata mumoja. Wanganga wengi Wabelgiji wakaondoka upesi. Waliobaki na muzigo ni mainfirmie wetu, wasaidizi wa wanganga na Masera.

Sasa turudi Kasongo, pale Dutton alipozikwa. Mwaka 1971 Leta na shule ya uganga ya Anvers walianza kazi mupya pale. Maana yake ni nyepesi kusema, nguvu kutenda. Karibu na watu kuwe kituo kidogo cha infirmie. Mugonjwa aanzie pale. Ugonjwa ukipita nguvu za kituo, aende hospitalini na barua mukononi. Akipona, arudi na barua ya munganga, ili infirmie ajue namna ya kumufuata. Munganga asikae daima hospitalini, atembelee vituo. Na wakaaji wenyewe wawe na neno katika mipango. Hivi hospitali na vituo ni mwili mumoja, si nyumba mbili zinazogombania wagonjwa.

Yaliyotokea Yambuku mwaka 1976 yanaonyesha hatari ya kukaa peke yako. Hospitali ya misioni ilikuwa na vitanda 120, wala hapakuwa munganga wa kukaa. Kila asubuhi shindano 5 tu zilitumika kwa wagonjwa wa inje, bila kuchemshwa vema. Ebola, ambayo hakuna aliyeijua bado, ilipita katika shindano hizo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na Masera pamoja nao. Tusiwahukumu: walikufa wakiuguza wenzao. Lakini nani alikuwa akiitembelea hospitali ile, na nani alihesabu shindano zake? Munganga Ngoi Mushola alitoka Bumba, akaandika habari ya kwanza ya ugonjwa. Hospitali ikafungwa, vijiji vikajitenga, na moto ukazimika.

Mwaka 1978, huko Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba afya inaanzia karibu na watu. Inchi yetu ikagawanywa katika zoni za afya, 306 mwaka 1985, na leo ni 519. Ndugu zetu Waprotestanti walisaidia sana kwa mupango wa SANRU tangu 1981. Sisi tuna BDOM katika majimbo yetu. Katika zoni nyingi, hospitali kubwa ya zoni ni ya Kanisa, kwa mapatano na Leta.

Nilipokuwa padri msaidizi, niliona dispansari ya misioni na kituo cha Leta wakichanja kijiji kimoja katika juma moja. Ngambo ya muto hakuna aliyevuka. Kiisha surua ikaingia ngambo ile, nami nikazika watoto. Tulikuwa na chanjo. Hatukuwa na mapatano.

Ndiyo jibu langu kwa padri yule. Walimu wetu wanajua kila nyumba na kila njia, zoni inawahitaji. Tukae pamoja na munganga wa zoni mbele ya kupanga safari zetu, na hesabu zetu zifike kwake. Kuacha sifa ya dispansari yetu ni sadaka ndogo, wandugu, kuliko majeneza yale.