Feza imeibwa kwa simu: gonga mlango gani kwanza?

Swali hili linatufikia mara nyingi kutoka katika makusanyiko yetu: «Feza yangu imeondoka kwenye simu, niende wapi?» Wengi wanakuja baada ya siku tatu ao ine, kwa sababu ya haya. Wakati ule feza imekwisha kutolewa, na ujumbe wa simu umekwisha kufutwa.

Goma ilichukuliwa mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Benki zikafunga milango kule, na familia nyingi zikabaki na simu tu kwa kutuma na kupokea feza. Pale feza inapopita, matapeli nao wanapita.

Tunataka mshike jambo moja: kila mlango una kazi yake. Kampuni ya simu inaweza kuzuia feza, lakini haiwezi kufunga mtu. Polisi na parquet wanaweza kutafuta mtu na kumshitaki, lakini hawafanyi hivyo kwa dakika kumi. Benki Kuu haikurudishii feza mkononi, lakini inaweza kuuliza kampuni kwa nini haikufanya kazi yake. Anayegonga vibaya anapoteza saa ambayo feza ingeweza kuzuiliwa.

1. Saa ya kwanza: kampuni ya simu

Piga simu mara moja kwa huduma ya wateja ya kampuni yako, ao kimbia kwenye duka lake na karti yako ya uchaguzi. Usiishie kwa ajenti wa kabine. Yeye hana uwezo wa kuzuia konti ya mtu mwingine. Sema wazi: namba yako, namba iliyopokea, kiasi, saa, na namba ya operesheni iliyo ndani ya ujumbe. Omba wazuie feza ile ikiwa ingali kwenye konti ya aliyeipokea. Omba pia namba ya malalamiko yako, na uiandike.

Kama ulimwambia mtu namba yako ya siri, ibadilishe mbele ya yote. Kama simu yako imekosa reso gafula bila sababu, uliza kama mtu mwingine amechukua namba yako kwenye SIM mpya.

2. Linda ushahidi

Usifute kitu. Piga picha ya skrini, kisha andika kwenye karatasi siku, saa, maneno aliyosema, na majina ya waliosikia. Kama ulilipa mkononi, tafuta risiti ao mashahidi.

3. OPJ na parquet

Utapeli si deni la kawaida. Katika Kodi ya adhabu ya Congo, kifungu cha 98 cha kitabu cha pili kinaadhibu anayejipatia mali ya mwingine kwa jina la uongo ao kwa hila: kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 5, pamoja na faini. Tena kuna Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, inayogusa makosa yanayofanyika kwa njia ya mitandao.

Peleka mashitaka kwa OPJ, ni kusema afisa wa polisi wa upelelezi, ao andika barua kwa parquet. Barua iwe fupi: nani, nini, lini, wapi, kiasi gani. Bakia na kopi iliyopigwa muhuri. Kampuni haitakupa wewe jina la mwenye namba. Itamjibu OPJ ao magistra akiomba kwa maandishi. Ndiyo maana mlango huu ni wa lazima, hata kama feza ni kidogo.

Kama mshukiwa amekamatwa na watu, asipigwe. Mkabidhini kwa wenye sheria. Katiba, kifungu cha 18, inasema polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Kwa hiyo leteni ushahidi haraka.

4. Benki Kuu na ARPTC

Kampuni za feza ya simu, benki, na vyama vya akiba vinapata ruhusa kwa Banque Centrale du Congo. Kampuni ikikunyamazia, waandikie Benki Kuu, ukiweka ile namba ya malalamiko. Mambo ya SIM na namba za simu yanahusu ARPTC, inayosimamia mawasiliano.

Mtu akikuambia «weka dola 100, utapata 200 kisha mwezi», uliza kwanza ruhusa ya Benki Kuu iko wapi. Wazee wetu wanakumbuka Bindo, mwaka 1991: wa kwanza walilipwa kwa feza ya waliofuata, mpaka siku ile ilipoanguka na wengi wakapoteza vyote.

5. Usiye na uwezo wa kulipa avoka

Kila baro ya maavoka ina Bureau de consultations gratuites, ofisi ya mashauri ya bure. Watakuomba karatasi inayoonyesha kwamba huna uwezo. Katika ECC, tume ya Justice, Paix et Sauvegarde de la Création inaweza kukuelekeza na kukusaidia kuandika.

Na pale ofisi za serikali hazifanyi kazi? Mlango wa kampuni ya simu ungali wazi kwa simu yenyewe. Linda ushahidi wako. Mashitaka yanaweza kuandikwa baadaye. Ujumbe uliofutwa haurudi.

Jihazari na wa pili

Kisha kuibiwa, mtu mwingine atapiga: «Lipa kidogo, tukurudishie feza yako.» Huyo ni tapeli wa pili. Vilevile, mashirika ya Umoja wa Mataifa hayaombi feza kwa anayetafuta kazi. Na ukipata ujumbe kwamba umetumiwa feza kwa makosa, usirudishe kitu mbele ya kutazama salio mwenyewe: *1122# kwa M-Pesa, *501# kwa Airtel Money, *144# kwa Orange Money.

Wachungaji na wazee wa kanisa, msimcheke aliyedanganywa. Akichekwa, wa kesho atanyamaza, na tapeli atarudi kwenye kusanyiko lile lile.