Kakao Mbichi na Waganga Wake

Sidhani kama kipo chakula kilichoitwa dawa na kikaitwa sumu mara nyingi kama kakao. Kahawa nayo iliwahi kupigwa marufuku, kisha ikaruhusiwa na mambo yakaisha. Kakao kila karne inaletwa barazani upya, na shauri halimaliziki. Siku hizi shauri hilo limekuja na neno lake jipya, nalo ni "mbichi". Pakiti zinazouzwa kama chakula cha afya zinatangaza kwamba mbegu zake hazikukaangwa, na eti kwa kuwa hazikukaangwa zinatuliza presha, zinashusha sukari, zinaondoa uchovu na hata huzuni. Ukimwuliza muuzaji amejuaje, atakujibu kwamba ndivyo walivyoitumia wenyewe wa kale, watu wa Meksiko, kabla Mzungu hajaiharibu kiwandani.

Basi tuwaulize hao wa kale, kwa kuwa kwa bahati njema maneno yao yaliandikwa.

Katika karne ya 16 padri Mfransisko aitwaye Bernardino de Sahagún alikaa miaka mingi na wazee wa Waazteki na waandishi vijana wa kabila lao, akiwauliza habari za miungu, biashara, mimea na magonjwa, na majibu akayaweka katika lugha yao ya Nahuatl. Kazi hiyo ya juzuu 12, iliyokamilika karibu na mwaka 1577, imehifadhiwa Florence, Italia. Kuhusu kakao wazee hawakuzungukazunguka. Walisema kwamba ikinywewa kwa kiasi humburudisha mtu, humfariji na kumpa nguvu. Ikizidi, na hasa ile iliyo bado changa na ya kijani, humlewesha mtu, humtia kizunguzungu, humvuruga akili na kumfanya mgonjwa. Nao walikuwa wakizikaanga mbegu juu ya kikaango cha udongo kabla ya kuzisaga kwenye jiwe na kuzichanganya na maji, pengine na mahindi na pilipili. Sukari hawakuwa nayo. Hao ndio wa kale wanaotolewa ushahidi!

Mwaka 1591 tabibu Juan de Cárdenas, Mhispania aliyefanya kazi Meksiko, alichapisha kitabu ambamo aliligawa jambo hilohilo sehemu mbili. Kakao mbichi, alisema, huharibu mmeng'enyo, huleta huzuni na kuufanya moyo upige bila mpango. Ikikaangwa, ikasagwa na kuchanganywa na uji wa mahindi, hunenepesha na kutegemeza mwili. Sababu alizotoa zilikuwa za elimu ya tiba ya Wagiriki, ile ya vimiminiko vinne vya mwili, ambayo kila chakula kwayo kina joto au ubaridi, ukavu au umajimaji. Msomaji wa pwani yetu hataiona elimu hiyo kuwa ngeni. Ilipitia kwa matabibu walioandika kwa Kiarabu kama Ibn Sina, ikawafikia Wahispania kwa upande mmoja na sisi kwa upande mwingine, na mpaka leo bibi wa Lamu au Unguja atakukataza chakula fulani kwa sababu ni cha baridi, na atakutajia baridi yabisi kwa jina. Francisco Hernández, tabibu wa Mfalme Philip wa Pili aliyetumwa Meksiko mwaka 1570, aliiweka kakao upande wa ubaridi, ndiyo maana alipenda ichanganywe na viungo vya moto.

Sisemi kwamba Cárdenas alijua kemia. Ninachosema ni kwamba watu walioishi karibu na mti wenyewe, Waazteki na mgeni wao, hawakuona ubichi kuwa fadhila. Waliona kuwa ni hatua ambayo kakao haijaivuka.

Ulaya ugomvi uligeuka. Kwanza ulikuwa wa makasisi: je, kikombe cha kakao kinavunja saumu? Antonio de León Pinelo aliandika kitabu kizima juu ya swali hilo mwaka 1636, na katika miaka ya 1660 Kardinali Brancaccio akatoa rai kwamba kinywaji hakivunji. Kisha ukawa wa mabibi wakubwa. Mwaka 1671 Madame de Sévigné wa Ufaransa alimwandikia binti yake kuisifia kakao kama tiba ya uchovu, na kabla mwaka haujaisha akamwonya aiogope kwa kuwa inaleta mapigo ya moyo na maradhi. Kitu kilekile, mwandishi yuleyule! Mtindo wa mjini ulikuwa umebadilika, na siha ikafuata mtindo. Sina hakika kama sisi tumewapita sana.

Mabadiliko makubwa hayakuletwa na tabibu bali na fundi wa mitambo. Mwaka 1828 familia ya van Houten, Amsterdam, ilipata hataza ya mashinikizo ya kukamua mafuta kutoka katika mbegu zilizosagwa. Kilichobaki kilikuwa unga mkavu, na van Houten wakautia chumvi za magadi ili uchanganyike vizuri na maji na uchungu upungue. Mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol ikatengeneza chokoleti ya kutafuna, na mwaka 1875 Daniel Peter wa Uswisi akaongeza maziwa. Kila mmoja kati ya hawa aliondoa uchungu kidogo na kuongeza utamu kidogo, na mtu akiniuliza ni lini kakao iliacha kuwa chakula ikawa pipi, nitamwonyesha miaka hiyo 50.

Hapo muuzaji wa pakiti anayo haki kidogo, na si vema kumnyima. Uchungu wa kakao unatokana kwa sehemu na kemikali ziitwazo flavanoli, na hizo ndizo zinazosaidia mishipa ya damu kutanuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipima unga wa kakao wa aina nyingi. Usiotiwa magadi ulikuwa na wastani wa karibu miligramu 35 za flavanoli katika gramu moja. Uliotiwa magadi mengi ulikuwa na chini ya 4. Kukaanga nako hupunguza sehemu yake. Kwa hiyo si uongo kwamba kiwanda kiliondoa kitu. Uongo unaanza pale mtu anaposema kwamba kitu hicho, kikirudishwa, kinatosha kuwa dawa.

Habari inayotumiwa kuthibitisha hilo ni ya Waguna, watu wa visiwa vya San Blas katika nchi ya Panama. Tangu mwaka 1944 waganga walikuwa wameona kwamba presha ya watu hao haipandi kwa uzee kama yetu. Katika miaka ya 1990 Norman Hollenberg wa Chuo Kikuu cha Harvard alikwenda akitaraji kukuta damu yenye kinga ya kurithi. Haikuwa hivyo, kwa maana Waguna waliohamia Jiji la Panama walipatwa na presha kama wenzao wa mjini. Haikuwa chumvi pia, kwani visiwani waliila ya kutosha. Akaangalia vikombe, akaona kakao. Ni hadithi nzuri, na kampuni ya chokoleti ya Mars iliipenda kiasi cha kugharamia utafiti mwingi uliofuata. Hawakukosekana waliotia shaka, wakisema kwamba kakao iliyonywewa visiwani ni kidogo kuliko ilivyodaiwa. Mimi ninaongeza swali la mtu asiye mtaalamu: mtu anayeishi kisiwani, anayepiga kasia kwenda shambani na kula samaki na ndizi, tutajuaje kwamba ni kikombe kilichomponya na si kasia?

Swali hilo lilijibiwa kwa hesabu. Mwaka 2017 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 35 yaliyohusu watu wapatao 1,800. Kakao yenye flavanoli nyingi ilishusha presha kwa wastani wa vipimo visivyofika 2. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililofuatilia wazee 21,442 kwa zaidi ya miaka mitatu, nusu yao wakipewa miligramu 500 za flavanoli kila siku katika vidonge. Vifo vya maradhi ya moyo vilionekana kupungua, lakini kwa swali kuu la jaribio, yaani jumla ya matukio ya moyo na kiharusi, tofauti haikuwa ya kutegemewa.

Vipimo visivyofika 2. Naikumbuka hesabu hiyo kwa sababu ya shemeji yangu. Alikuwa na presha ya miaka mingi, na kwa miaka hiyo alikunywa vidonge bila kukosa. Siku moja dada yangu alinipigia simu kwamba mumewe analalamika kichwa na macho yanaona ukungu. Nilipofika nikakuta pakiti mbili za unga wa kakao mbichi juu ya meza na kijiko cha supu ndani yake.

"Shemeji," nikamwuliza, "vidonge umeviacha tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu. Vile ni kemikali, ndugu yangu. Hii ni ya Mungu."

Tulimpeleka hospitali. Kipimo cha juu kilikuwa 190 na ushei. Muuguzi hakusema neno, aliandika tu. Shemeji ni mtu msomi, mwalimu mstaafu wa hesabu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetoa 2 katika 190 nilipomwonyesha zile takwimu. Alinyamaza kwa muda mrefu.

Turudi kwenye neno "mbichi", maana nalo linahitaji kukaguliwa. Anayetaka kujua maana yake aende Kyela, kusini magharibi mwa Tanzania, ambako zao hilo wengi huliita kokoa. Mkulima akipasua tunda hukuta mbegu zimefunikwa utelezi mweupe mtamu, na ukiitafuna mbegu yenyewe utaitema, kwa kuwa ni chungu na inakauka mdomoni. Mbegu hizo hulundikwa, zikafunikwa kwa majani ya migomba au kuwekwa katika masanduku, zikaachwa zichachuke siku tano hadi saba. Joto la lundo hupanda mpaka kati ya nyuzi 45 na 50 bila moto wowote. Humo ndimo ladha ya chokoleti inapozaliwa, na humo pia sehemu kubwa ya zile flavanoli inapotea. Ndipo zinaanikwa juani. Kwa hiyo hata ile ya pakiti imekwisha kuchachushwa na kuanikwa. Ni mbichi kwa jina la biashara.

Na juani hapo ndege hupita, na kuku, na mbuzi. Viini vya salmonela havioni taabu kuishi katika mbegu kavu, na mafuta ya kakao huvikinga hata vinapoingia tumboni, hivyo vichache tu vinatosha kumlaza mtu. Mwaka 1982 chokoleti kutoka Italia iliwaugusha watu zaidi ya 200 Uingereza, wengi wao watoto. Kukaanga ndiyo hatua ya kiwandani inayoviua viini hivyo. Anayejivunia kuiruka hatua hiyo lazima aeleze ameweka nini mahali pake, na pakiti nyingi nilizosoma hazielezi. Kuna pia madini ya kadimiamu, ambayo mkakao huyavuta kutoka ardhini, hasa katika udongo wa baadhi ya nchi za Amerika ya Kusini. Yakikusanyika mwilini hudhuru figo, na Umoja wa Ulaya ulianza kuyawekea kikomo katika chokoleti mwaka 2019. Hayo hayaondoki kwa kukaanga wala kwa kutokukaanga. Yanaongezeka kwa wingi wa kijiko, na kijiko cha shemeji kilikuwa cha supu.

Mimi kakao ninainywa, ile iliyokaangwa, isiyotiwa magadi wala sukari, kikombe kimoja jioni, kwa sababu ninaipenda. Shemeji amerudia vidonge vyake na presha yake imetulia. Pakiti hakukubali zitupwe, alizinunua kwa pensheni yake. Dada yangu anaupika ule unga kwenye sufuria mpaka unatokota vizuri, ingawa muuzaji alimkataza, akisema ukichemka hautakuwa mbichi tena.