Zain Africa Challenge

Zain Africa Challenge (awali Celtel Africa Challenge) yalikuwa mashindano ya chemshabongo ya televisheni kwa wanafunzi wa vyuo vikuu barani Afrika. Yalianza mwaka 2007 yakishirikisha vyuo vya Kenya, Tanzania na Uganda. Mwendeshaji wake alikuwa John Sibi-Okumu, mwigizaji, mwandishi wa tamthilia na mwanahabari kutoka Kenya.

Asili

Muundo wa mashindano haya ulitoka Marekani, katika kipindi cha College Bowl kilichobuniwa na Don Reid. Kipindi hicho kilianza kwenye redio mwaka 1953 na kuhamia televisheni mwaka 1959. Uingereza iliuchukua muundo huohuo mwaka 1962 na kuuita University Challenge. Huko Marekani, tangu mwaka 1989, unatumika pia katika Honda Campus All-Star Challenge, mashindano ya vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi.

Afrika Mashariki, muundo huu ulikuta vyuo ambavyo tayari vilikuwa na historia ya pamoja. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa sehemu za chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963 hadi 1970. Baada ya hapo kila nchi ilibaki na chuo kikuu chake.

Jinsi ya kucheza

Timu mbili hukaa zikitazamana na mwendeshaji, kila mchezaji akiwa na kitufe chake. Kuna maswali ya aina mbili. Swali la kwanza ni la kugombania: mchezaji anayewahi kubonyeza kitufe hujibu peke yake, bila kushauriana na wenzake. Anaweza kubonyeza hata kabla ya swali kumalizika kusomwa, lakini akikosea huwapa wapinzani nafasi. Akipata, timu yake hupewa swali la ziada, na hapo wachezaji huruhusiwa kujadiliana. Kwa hiyo kasi ya mtu mmoja ndiyo hufungua mlango, na ujuzi wa timu nzima huongeza alama.

Maswali yaligusa historia, jiografia, sayansi, fasihi, michezo na mambo ya Afrika. Lugha iliyotumika ni Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vya nchi hizo. Zawadi zilikuwa fedha kwa wanafunzi na ruzuku kwa vyuo vyao.

Upanuzi na majina

Mashindano yalibeba jina la mdhamini, kampuni ya simu za mkononi ya Celtel. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, mfanyabiashara mzaliwa wa Sudan, kisha ikanunuliwa na kampuni ya Kuwait mwaka 2005. Celtel ilipobadilishwa jina kuwa Zain mwaka 2008, jina la mashindano nalo lilibadilika. Baadaye vyuo vya nchi nyingine viliingia, zikiwemo Ghana, Malawi, Sierra Leone na Zambia. Zote ni nchi ambazo Zain ilikuwa na mtandao wa simu.

Mwisho

Mwezi Juni 2010 Zain iliuza biashara zake katika nchi 15 za Afrika kwa kampuni ya Bharti Airtel ya India, kwa thamani ya takriban dola za Marekani bilioni 10.7. Mashindano hayakuendelea chini ya mmiliki mpya.

Hapo ndipo tofauti yake na University Challenge inapoonekana. Kipindi hicho cha Uingereza kilisimama mwaka 1987, lakini shirika la utangazaji la BBC likakirudisha mwaka 1994, na bado kinaendelea. Zain Africa Challenge yalitegemea mdhamini mmoja tangu mwanzo, yakavuka mipaka kwa kufuata mtandao wake na kukoma alipoondoka.

Tazama pia

- Celtel
- Airtel
- Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki
- Mo Ibrahim