Nasibu si ovyo

Wapo wanaoziita namba za kompyuta zisizotabirika "namba za ovyo". Napinga. Ovyo ni kufanya bila uangalifu. Namba hizi huhitaji uangalifu mkubwa. Tuseme "namba nasibu". Neno hili tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao maana yake ni fungu, sehemu ya mtu. Wasomali wa Galbet, hapa Garissa, husema "nasiib" wakimaanisha bahati, kwa hiyo halitawatatiza.

Kenneth Iverson, Mkanada aliyetoa kitabu chake *A Programming Language* mwaka 1962, aliasisi lugha ya APL, ambayo hushughulikia orodha nzima ya namba kwa alama moja. Ya nasibu ni alama ya kuuliza. Tuchukue karani wa utafiti mwenye orodha ya kaya 200 za Galbet, anayetaka kutembelea 20. Akiandika 20?200, anapata namba 20 zote tofauti, kama karata zinazogawiwa. Akiandika ?20⍴200, kila namba inatolewa upya kutoka zote 200, na uwezekano wa angalau kaya moja kutokea zaidi ya mara moja unazidi asilimia 60.

Kiswahili kina neno la tendo lile la kwanza: kupiga kura, kabla kura haijawa ya uchaguzi tu. Karani anayeingia nyumba za kando ya lami kwa kuwa ziko karibu hajapiga kura yoyote. Huyo ndiye anayechagua ovyo, na kaya za ndani ndizo zinazokosa kuhesabiwa.