Yom Kippur Ilivyofika Ukambani

Wayahudi wa Kenya walijenga sinagogi yao Nairobi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Siku yao kuu ya toba, Yom Kippur, iliingia Kitui na Makueni kwa mlango mwingine: ilikuja kitabuni, na safari hiyo ilipita miaka 100.

Mmisionari Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849, akapokewa na Kivoi, tajiri wa misafara. Mwaka uliofuata akachapisha Injili ya Marko kwa Kikamba, lakini Marko haitaji siku hiyo. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipiga kambi Nzaui, Makueni. Biblia nzima ya Kikamba ilitoka 1956, na ndani yake Mambo ya Walawi sura ya 16: mbuzi wawili wapigiwe kura, mmoja achinjwe, wa pili atwikwe dhambi za taifa na kuachiliwa jangwani kwa Azazeli.

Habari ya mbuzi haikuwa ngeni kwa mzee wa Kikamba. Kwenye ithembo, mahali pa ibada, chini ya mti wa mumo usiokatwa hata tawi, wazee walichinja mbuzi wa rangi moja wakiomba mvua. Nyumba iliyopatwa na unajisi ilioshwa kwa ng'ondu: majani ya tumboni mwa mbuzi, mimea na maji, vikanyunyizwa. Sisemi ni ibada moja. Siku ya Yom Kippur Wayahudi hushinda saa 25 bila chakula wala maji, kwa hiari, na marabi wao walifundisha kwamba siku hiyo haifuti kosa ulilomtendea jirani mpaka umwombe radhi. Hilo la jirani hunigusa kuliko yote.

John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba kutoka Kigiriki, likatoka 2014. Katika Matendo ya Mitume 27 alikutana na jahazi la Paulo: safari ni ya hatari, maana Mfungo umekwisha kupita. Luka, mwandishi wa Matendo, haelezi ni mfungo gani, kwani wasomaji wake waliujua. Ni huu wa Yom Kippur, wa Septemba au Oktoba, Mediterania inapoanza kuchafuka. Majuma hayo hayo, Kitui na Makueni, mashamba yamekwisha kulimwa, mbegu za ndengu na mbaazi zimechaguliwa, na watu wanatazama mawingu.