Ajali ya Gari la Waya la Cavalese (1998)

Ajali ya Cavalese ilitokea tarehe 3 Februari 1998 katika milima ya Dolomiti, kaskazini mwa Italia, pale ndege ya kijeshi ya Marekani aina ya EA-6B Prowler, iliyoruka kutoka kambi ya Aviano kwa mazoezi ya kuruka chini sana, ilipokata nyaya za gari la waya, yaani kibanda kinachoning'inia kwenye kebo na kuwapandisha watu mlimani Cermis kuteleza thelujini. Kibanda kilianguka zaidi ya mita 80, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa, ilhali ndege, ingawa iliharibika, ilirejea kambini salama.

Kima cha chini kilichoruhusiwa kilikuwa futi 2,000, lakini ndege iligonga kebo ikiwa kwenye takriban futi 360. Aidha, ramani ya wanahewa haikuonyesha kebo hiyo, kasoro nzito kwa bonde lenye watalii wengi. Kwa mujibu wa mkataba wa NATO wa 1951, kesi ilisikilizwa Marekani, ambako mwaka 1999 rubani aliachiwa huru kwa shtaka la kuua bila kukusudia, uamuzi uliowaumiza sana Waitalia, kisha akatiwa hatiani kwa kuhusika kuharibu mkanda wa video uliorekodiwa angani.